Sonata Sita za Ysaÿe Mikononi mwa Hilary Hahn: Tathmini ya Albamu kutoka Lubumbashi

Albamu ambayo Hilary Hahn, mpiga vayolini wa Marekani, aliitoa mwaka 2023 kupitia kampuni ya Deutsche Grammophon ina sonata sita za Eugène Ysaÿe, zote za vayolini moja isiyosindikizwa na piano wala chombo kingine chochote. Ni muziki wa zaidi kidogo ya saa moja. Nimeusikiliza kwa utulivu kabla ya kuandika, kwanza nikiwa peke yangu, kisha pamoja na vijana wanaopiga vayolini katika kwaya ya parokia yetu hapa Lubumbashi, na maoni yangu ni kwamba anayetafuta muziki wa kumburudisha jioni atapata albamu nyingi zinazomfaa kuliko hii, ilhali mtu anayeshika upinde, hata kama bado anahangaika na mazoezi ya mwanzo, hatapata kwa urahisi kitu kingine cha bei hii kitakachomfundisha mengi kiasi hiki.

Ili thamani ya albamu ionekane, lazima kwanza Ysaÿe mwenyewe ajulikane. Alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1858, akafundishwa na Wieniawski na Vieuxtemps, mabingwa wawili wakubwa wa karne yake, na alipofikia utu uzima akawa mtu ambaye watunzi walimtungia muziki kwa kuwa tu walikuwa wamesikia mkono wake. César Franck alimpa sonata kama zawadi ya arusi mwaka 1886, na hadi leo karibu kila mpiga vayolini anayekomaa huipiga. Ernest Chausson alimwandikia kazi yake mashuhuri kuliko zote za vayolini na okestra. Kundi la watu wanne lililobeba jina la Ysaÿe ndilo lililopiga kwa mara ya kwanza, mwaka 1893, kwarteti ya Claude Debussy. Mtu wa namna hiyo angeweza kuzeeka akiishi kwa sifa zake, lakini mwaka 1923, alipokuwa anatimiza miaka 65, alimsikia Joseph Szigeti, kijana wa Hungaria, akipiga muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, akarudi nyumbani kwake Le Zoute, kwenye pwani ya Ubelgiji, na inasimuliwa kwamba alichora mpango wa sonata zote sita ndani ya siku moja.

Jambo la pekee ni kwamba kila sonata aliitunga kwa ajili ya mpiga vayolini mmoja aliyekuwa mdogo kwake. Ya kwanza ni ya Szigeti huyo, ya pili ya Jacques Thibaud wa Ufaransa, ya tatu ya George Enescu wa Romania, ya nne ya Fritz Kreisler wa Vienna, ya tano ya Mathieu Crickboom, aliyekuwa mwanafunzi wake na mwenzake katika kwarteti, na ya sita ya Manuel Quiroga wa Hispania. Wala hakuishia kuandika majina yao juu ya karatasi. Alichunguza jinsi kila mmoja anavyovuta upinde, anachokipenda, hata mazoea yake yanayochekesha, akayaingiza ndani ya muziki. Kwa hiyo anayezipiga zote sita analazimika kubadilika mara sita, na hapo ndipo albamu ya Hahn inapopimwa.

Msomaji wa Lubumbashi ana sababu ya ziada ya kulifuatilia jina hili, ingawa ni sababu ambayo hatukuiomba. Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, ambaye mji wetu ulibandikwa jina lake tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 hadi ulipoitwa Lubumbashi mwaka 1966, alikuwa mpiga vayolini na mwanafunzi wa Ysaÿe. Mashindano ya muziki ambayo leo yanaitwa kwa jina la malkia huyo yalianza Brussels mwaka 1937 yakiwa na jina la Ysaÿe, na mshindi wa mwaka ule alikuwa David Oistrakh kutoka Umoja wa Kisovyeti. Wazee wetu waliishi miaka mingi chini ya jina la malkia bila kuambiwa kwamba alikuwa na mwalimu wa vayolini, na kama kuna kitu cha malkia huyo ambacho mimi binafsi ningependa kibaki hapa, ni masomo hayo.

Hahn naye hakuufikia muziki huu kwa kupita njiani. Alizaliwa Virginia mwaka 1979, akakulia Baltimore, na akiwa na miaka kumi aliingia shule ya Curtis mjini Philadelphia, ambako mwalimu wake alikuwa mzee Jascha Brodsky. Brodsky alikuwa amesoma kwa Ysaÿe, na ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa mwisho wa bwana huyo aliyebaki hai. Alimfundisha Hahn hadi alipofariki mwaka 1997, yaani mwaka uleule Hahn alipotoa albamu yake ya kwanza, iliyojaa Bach wa vayolini moja, akiwa na miaka 17 tu. Mkono uliofundishwa na Ysaÿe ulimfundisha huyu, na katika albamu hii ya mwaka 2023, miaka 100 baada ya sonata kutungwa, deni hilo linasikika zaidi katika upinde kuliko katika vidole. Hahn havuti noti ndefu kwa nguvu moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Huiacha izaliwe, inenepe, ipungue, kama msemaji mzuri anavyoachia pumzi yake.

Katika sonata ya kwanza, msikilizaji asiyezoea atashangaa anaposikia sauti tatu au nne zikienda pamoja. Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza kwa dhati, "Papa, na huyo wa pili anayemsindikiza ni nani?" Hakuna wa pili. Kidaraja kinachobeba nyuzi za vayolini kimepinda, hivyo upinde hauwezi kulala juu ya nyuzi zote nne kwa wakati mmoja. Unagusa mbili, au tatu ukikandamizwa, kisha unahamia nyingine. Mpigaji anaugusa uzi wa chini, anauacha, anapanda juu, na sikio la msikilizaji ndilo linaloendelea kuibeba ile sauti ya chini iliyokwisha kunyamaza. Sisi watu wa Katanga tumeukuta ujanja wa jamii hii kwa Mzee Mwenda wa Bayeke, aliyepiga besi na wimbo kwa pamoja kwenye gitaa moja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, katika santuri zilizomtangaza Afrika nzima tangu miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba uzi wa gitaa ukishadonolewa unaendelea kulia wenyewe, ilhali uzi wa vayolini hufifia mara upinde unapouacha, na kwa hiyo mpiga vayolini anafanya udanganyifu mgumu zaidi.

Udanganyifu huo Hahn anaufanya kwa usafi ambao kwa kweli unatisha. Wapigaji wengi, wakifika kwenye sauti nne, hupiga mkwaruzo kama mtu anayepasua kuni, na wasikilizaji husamehe kwa sababu wanajua ni kazi ngumu. Yeye hakwaruzi. Katika sehemu ya pili ya sonata hii, ambayo Ysaÿe aliijenga kwa mtindo wa fuga, yaani wimbo mmoja unaoanzishwa na sauti ya kwanza na kufuatwa na nyingine kabla ya kwisha, unaweza kuchagua sauti moja na kuifuata hadi mwisho bila kuipoteza. Niliwaambia vijana waiimbe sauti ya chini huku albamu ikiendelea, na waliweza.

Sonata ya pili ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Inaanza na noti za Bach mwenyewe, mwanzo kabisa wa partita (yaani msururu wa ngoma) ya tatu, zikipigwa kwa sauti ndogo kana kwamba mtu yuko chumbani anafanya mazoezi. Ghafla zinakatwa na kishindo. Bach anarudi, anakatwa tena. Kisha, chini ya vurugu hiyo, unatokea wimbo ambao Wakatoliki wazee wa mji huu watautambua kabla hawajaambiwa: ni Dies irae, wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu, ambao wamisionari Wabenedikto waliufundisha katika parokia za Katanga na ambao uliondoka katika ibada za kawaida baada ya mabadiliko ya liturujia. Ysaÿe ameusambaza katika sehemu zote nne. Katika ya pili, inayopigwa kwa kibano kidogo juu ya kidaraja ili sauti ipungue, wimbo wa wafu unafika mwishoni kabisa, mtupu, bila pambo. Katika ya tatu unadonolewa kwa vidole kama gitaa kabla ya kugeuzwa mara kadhaa. Katika ya nne, upinde unasogezwa karibu kabisa na kidaraja hadi sauti inakuwa ya kioo kinachokwaruzwa, na wimbo uleule unapita humo ndani ukikimbia.

Hahn ana faida ambayo wapigaji wachache wanayo katika sonata hii. Ile partita ya Bach inayonukuliwa imo katika albamu aliyoitoa akiwa msichana mwaka 1997, na kazi zote sita za Bach za vayolini moja alizikamilisha katika albamu ya mwaka 2018. Kwa hiyo nukuu zile hazipigi kama vipande vilivyoazimwa. Anazipiga kama kitu anachokijua kwa moyo na ambacho kinamjia asipokitaka, na kwa kuwa sehemu ya kwanza Ysaÿe aliipa jina lenye maana ya kushikwa na fikra moja isiyoondoka, sioni jinsi nyingine ya kuipiga. Mzee mmoja wa parokia, ambaye hajawahi kusikia jina la Ysaÿe, alisikiliza sehemu ya pili akiwa amekaa nasi, akaanza kufuatisha Kilatini kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemwomba.

Sonata ya nne nayo ni ya kushughulikiwa kwa makini, hasa na walimu. Kreisler alikuwa na tabia ya kutunga vipande na kuvitangaza kuwa ni vya watunzi wa zamani waliosahaulika, na hakukiri hadi mwaka 1935. Ysaÿe, akimwandikia mwaka 1923, alimtungia ngoma za mtindo wa karne ya 18, na sina hakika kama ni heshima au ni utani wa rafiki. Sehemu ya katikati, Sarabande, imejengwa juu ya noti nne zilezile zinazorudiwa bila kuchoka huku sauti nyingine zikizizunguka. Mwanzoni zinadonolewa, baadaye zinapigwa kwa upinde, mara ziko chini, mara katikati, mara juu. Hahn anazipa noti hizo nne uzito ulio sawa kila zinapopita, hata zinapozibwa na mambo mengine, na kwa mwanafunzi wa vayolini hilo ni somo zima la mkono wa kulia. Vijana wetu hawana uwezo wa kuipiga sonata yote, lakini Sarabande inaweza kuanzwa polepole na mtu aliyekwisha zoea kupiga nyuzi mbili kwa pamoja.

Ya tano sina mengi ya kuisemea. Inaanza na mapambazuko, inamalizika na ngoma ya kijijini, inapendeza, na Hahn anaipanda polepole kutoka gizani hadi kwenye mwanga kwa ustadi, lakini kwangu ndiyo sonata dhaifu kuliko zote sita, na hilo si kosa lake.

Upungufu wa albamu uko katika ya tatu na ya sita. Ya tatu, iliyoandikwa kwa ajili ya Enescu, ni sehemu moja tu ya takriban dakika saba, na ndiyo inayopigwa mara nyingi kuliko zote katika mashindano na majukwaa. Inahitaji mtu anayesimulia huku akikaribia kupoteza udhibiti wa habari yake. Hahn hapotezi udhibiti hata mara moja. Kila noti iko mahali pake, kila kupanda kumepangwa, na ukilinganisha na jinsi Oistrakh alivyoirekodi, utahisi kwamba yule alikuwa anasimulia jambo lililompata, na huyu anasoma kwa sauti nzuri jambo lililoandikwa vizuri. Huenda wengine wataupendelea usafi huo. Mimi ningependa jasho kidogo.

Kuhusu ya sita, sikio la Mkongo lina haki ya kuwa gumu. Katikati yake kuna mdundo wa habanera, uliotoka Kuba kabla ya kuenea Hispania na kwingineko, na sisi tuliolelewa na rumba, ambayo nayo ililishwa na santuri za Kuba zilizofika Kongo kabla ya uhuru, tunajua mara moja kama kiuno kipo au hakipo. Hapa hakipo. Noti za kasi zinazouzunguka mdundo huo ni za kustaajabisha, lakini mdundo wenyewe umenyooshwa kama shati lililopigwa pasi, na nilimwona mpiga gitaa mmoja wa Kamalondo, ambaye nilimsikilizisha makusudi, akitikisa kichwa kwa heshima lakini bila kuinua mguu.

Kuna lawama nyingine niliyoisikia kwa vijana, nayo inastahili kujibiwa. Walisema kwamba Hahn anapiga vayolini za Vuillaume, fundi mkubwa wa Paris wa karne ya 19, na wao wana vayolini za kiwandani ambazo nyuzi zake zikikatika inabidi kumsubiri msafiri anayetoka Afrika Kusini; kwa hiyo kumsikiliza kunawavunja moyo. Ni kweli kwamba chombo kinachangia. Lakini wapiga vyombo wa okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, mjini Kinshasa, iliyoanza mwaka 1994, walifunga waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi zilizokatika, na leo okestra hiyo inajulikana mbali na Kongo. Hahn mwenyewe ameonyesha upande mwingine wa kazi yake. Tangu mwaka 2017 amekuwa na mpango wa mazoezi ya siku 100, ambapo hujirekodi kila siku akiwa anajifunza, kisha huweka video fupi kwenye intaneti watu wote waione. Humo anapiga polepole, anakosea, anarudia pale pale, wakati mwingine akiwa na nywele ambazo hazijachanwa, na maelfu ya wanamuziki wa nchi nyingi wameanza kufanya vivyo hivyo kwa kumfuata. Ningemshauri mwalimu yeyote aziweke video hizo kando ya albamu. Kijana aliyemwona bingwa akirudia mstari mmoja kwa mwendo wa konokono atausikiliza mstari uleule kwenye albamu kwa masikio tofauti, na hataanza kwa kujidharau.

Sasa kuhusu namna ya kuipata. Albamu ipo kama CD na ipo pia kwenye huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti. CD katika mji wetu haiuzwi dukani, kwa hiyo ni ya kuagiza kwa ndugu aliye Ulaya au Afrika Kusini. Kwa wengi njia itakuwa simu, na hapo nina onyo: usiisikilize kwa spika ya simu yenyewe. Vayolini moja katika chumba kimya ina sauti za chini sana, hasa ile sehemu ya pili ya sonata ya pili, na spika ya simu huzimeza zote ukabaki na kelele za juu tu, kama redio ya jirani. Jenereta ikinguruma uani, afadhali uache hadi kesho. Vifaa vya masikioni vya waya, hata vya bei nafuu, vinatosha. Ni vizuri pia kuipakua kabisa wakati mtandao una nguvu, kwa sababu mega zikiisha katikati ya fuga, uzi wa fikra unakatika na inabidi kuanza upya.

Noti zilizoandikwa hazihitaji kununuliwa. Ysaÿe alifariki mwaka 1931, haki za kazi zake zimekwisha muda wake, na sonata zote sita zinapatikana bure kwenye maktaba ya muziki ya mtandaoni iitwayo IMSLP, zikiwa na alama zake za vidole na za upinde alizoziandika kwa uangalifu wa mwalimu. Mwenye kuchapisha karatasi chache achapishe Sarabande ya sonata ya nne na sehemu mbili za mwanzo za sonata ya pili, azifuate kwa kidole huku Hahn akipiga, kisha ahamie kwenye ya kwanza. Ya tatu aiache hadi awe amemsikia Oistrakh.